Lishe ya kalori chache kwa mwenye kisukari aina ya 2: mwongozo kamili wa kuifuata ukiwa Dar es Salaam

Mwenye sukari akiambiwa kliniki apunguze wanga, mara nyingi anachofanya ni kuhama kutoka sembe kwenda dona, na mlima wa ugali unabaki uleule. Mwezi unaofuata sukari iko palepale, anaongezewa kidonge. Mwongozo huu unahusu njia nyingine: kula chakula kidogo sana, kalori 800 hadi 900 kwa siku, kwa wiki 8 hadi 12, kisha kurudi taratibu kwenye mlo wa kawaida uliopunguzwa. Ichukulie kama dozi. Ina tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kuna watu wasioruhusiwa kuitumia, na haianzwi bila daktari kujua.

Kalori ninazozitaja ni zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Mtu mzima wa kawaida hutumia kati ya 1,800 na 2,500 kwa siku, kwa hiyo 850 ni chini ya nusu. Si mzaha.

Kwa nini chakula kidogo kinashusha sukari

Swali linalowachanganya wengi ni hili: jana usiku sikula kitu, mbona leo asubuhi sukari ni 11 (kwa mashine inayosoma mmol/L)? Jibu liko kwenye ini. Ini huhifadhi sukari na kuitoa usiku ili mwili usikwame. Mtu akinenepa kuliko mwili wake unavyoweza kubeba, mafuta hujaa ndani ya ini, ini linaacha kuisikiliza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kumwaga sukari ovyo. Mafuta hayohayo hufika kwenye kongosho, linalotengeneza insulini, na kulidhoofisha. Ukimnyima mwili chakula kwa kiasi kikubwa, unaanza kuyachoma mafuta hayo, na ya kwenye ini ndiyo huondoka mapema. Ndiyo maana sukari ya asubuhi inaweza kushuka ndani ya wiki moja, kabla suruali haijaanza kulegea. Kongosho huchukua muda mrefu zaidi, karibu miezi miwili, na ndiyo sababu dozi haiishii wiki ya pili.

Hoja hii ilijengwa na Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Mwaka 2011 kundi lake lilichapisha matokeo ya watu 11 waliokula kalori 600 kwa siku kwa wiki 8. Sukari yao ya asubuhi ilirudi kawaida ndani ya siku 7. Kisha yeye na Profesa Mike Lean wa Glasgow wakaendesha utafiti mkubwa zaidi, DiRECT, uliotoka Desemba 2017. Washiriki walikunywa vinywaji maalumu vya unga, kama kalori 850 kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa na sukari iliyotulia bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya walioendelea na matibabu ya kawaida. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86.

Sasa sehemu ambayo wauza virutubisho hawaitaji. Mwaka wa pili ile asilimia 46 ilishuka hadi 36, na katika waliofuatiliwa mpaka mwaka wa tano, waliobaki wametulia bila dawa walikuwa asilimia 13. Kilo zilirudi, sukari ikarudi nazo. Nguvu yako nyingi, kwa hiyo, iwekeze kwenye miezi inayofuata baada ya dozi.

Hatua ya 1: Jua kama inakuhusu

Inafaa zaidi kwa mtu mwenye kisukari aina ya 2 kisichozidi miaka 6 tangu kigundulike, mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, asiyetumia insulini, na mwenye uzito uliozidi. Uzito uliozidi unapimwa hivi: gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mpango wa huduma ya afya ya Uingereza unachukua watu kuanzia 27, na kwa weusi kuanzia 25. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 anafika 25 akiwa na kilo 64, na 27 akiwa na kilo 69 hivi. Kwa hapa kwetu, ambako kilo 69 huitwa "umependeza", namba hizo zinawashtua wengi.

Usiifuate kabisa kama una kisukari aina ya 1, una mimba au unanyonyesha, figo au ini vimeshaharibika vibaya, umepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni, au umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kula na kujitapisha. Wazee waliodhoofika nao waachwe. Mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo au gauti amweleze daktari mapema, maana kupungua haraka huyachokoza yote mawili.

Na kama wewe ni mwembamba, au unapungua bila kujua sababu, acha kusoma hapa uende hospitali. Kukonda pamoja na sukari kupanda kunaweza kuwa ni upungufu wa insulini, kifua kikuu au tatizo la kongosho, na kujinyima chakula kutakuangusha.

Hatua ya 2: Panga dawa na daktari kabla ya kugusa sahani

Kama kuna hatua moja ya kuisoma mara mbili, ni hii. Hatari kubwa ya lishe hii ni dozi ya dawa iliyopangwa kwa mtu anayekula sahani ya wali, kuingia kwenye mwili wa mtu aliyekula mayai mawili. Njaa ni kero tu ukilinganisha na hilo.

Nenda kliniki yako ya sukari, iwe kituo cha afya cha mtaani au hospitali kama Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Beba dawa zote mfukoni, hata za asili, umwambie daktari wazi: nataka kula kalori 850 kwa wiki 12, naomba unipangie dawa. Kliniki zina foleni na dakika ni chache, kwa hiyo andika kwenye karatasi. Akikataa, muulize sababu. Mara nyingi anayo.

Mambo ya kuzungumza naye ni haya. Glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, kwa hiyo kwa kawaida husimamishwa siku ya kwanza. Anayechoma insulini asijaribu bila kusimamiwa kwa karibu sana. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na wengine huachiwa nayo. Dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, hazichanganywi na lishe hii kwa sababu zinaweza kuleta asidi ya hatari kwenye damu hata sukari ikionekana nzuri. Dawa za presha nazo, hasa za kukojoa, zinaweza kuhitaji kupunguzwa au kusimamishwa, kwa kuwa presha hushuka pamoja na uzito. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme kuwa atakula mboga za majani nyingi, maana zinagongana.

Usijipunguzie mwenyewe. Jirani aliyefanikiwa kuacha vidonge si daktari wako.

Siku hiyohiyo omba vipimo vya kuanzia: kile cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c), figo, ini, presha na uzito. Omba pia macho yaangaliwe. Sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishuka ghafla, macho yaliyokwisha kuathirika yanaweza kuzidi kwa muda, kwa hiyo ni vizuri hali yake ijulikane mapema.

Hatua ya 3: Chagua majira, na uwaambie watu wa nyumbani

Usianze karibu na Ramadhani, wala wiki ya send-off ya mdogo wako. Kufunga mchana na kufuturu kwa tambi, mihogo ya nazi na kaimati haviendi na dozi hii, na mwenye kisukari anayetaka kufunga ana mazungumzo yake mengine na daktari. Desemba hadi Machi joto la Dar linakausha mwili na presha inaweza kushuka ukisimama ghafla. Ukianza miezi hiyo, maji yaongezwe. Juni hadi Agosti ni afadhali.

Kuhusu watu. Utapungua, na kwetu mtu akipungua haraka maneno yanaanza: anaumwa nini yule? Wengine wataacha kuuliza na kuanza kujibu wenyewe. Waambie mapema wale walio karibu. Kwa mama mkwe anayeona umekataa pilau yake, maneno mafupi yanatosha: "Shikamoo mama. Daktari amenipa dozi ya chakula, naimaliza mwezi wa nane. Pilau yako nitairudia." Dozi haibishaniwi. Ukisema "najaribu kupunguza mwili", utaletewa sahani ya pili.

Kama nyumbani mnakula sinia moja, omba upakuliwe kwenye sahani yako. Hakuna anayeweza kukadiria kalori kwenye sinia.

Hatua ya 4: Jiko

Watafiti walitumia vinywaji vya unga vyenye vitamini zote kwa sababu ni rahisi kupima. Hapa Dar pakiti za namna hiyo ni za nje na bei yake si ya kila mtu. Jihadhari pia na anayekuuzia unga au chai ya "kusafisha kongosho" kwa simu. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina dawa ya kuharisha, na maji ndiyo yanayopungua, si mafuta. Inawezekana kutumia chakula chetu, ila uzito upimwe kwa mizani ndogo ya jikoni, na umwombe daktari vidonge vya vitamini na madini, kwa kuwa chakula kidogo hivi hakitoshelezi mahitaji yote.

Kwanza tuone adui yuko wapi. Robo kilo ya unga wa sembe, ambayo mtu mwenye njaa anaimaliza peke yake jioni, ina kama kalori 900. Ndiyo siku nzima ya dozi, kabla ya mboga. Dona ina pumba, inashibisha vizuri zaidi, lakini kalori zake zinakaribiana mno na za sembe. Chupa ya soda ya nusu lita ina kalori 210 hivi, na gramu zaidi ya 50 za sukari.

Mafuta ndiyo yanayodanganya zaidi. Dada yangu anaishi Tabata na anapika matembele matamu. Nilimwomba amimine mafuta kutoka kwenye dumu kama kawaida yake, ila kwenye bakuli badala ya sufuria. Aliinamisha dumu kwa sekunde chache, akahesabia moyoni, akaliweka. Tukayapima kwa kijiko cha chakula: vinne, na cha tano hakikujaa. Kila kijiko kina kalori 120. Mboga za majani zenyewe hazikufika 80. Mafuta yalikuwa zaidi ya 500. Alicheka, kisha akanyamaza akiangalia bakuli. Tui la nazi ni hivyohivyo: kikombe kimoja cha tui zito kinapita 400. Wakati wa dozi, nazi haipo.

Siku moja inaweza kuwa hivi. Asubuhi, mayai mawili ya kuchemsha, nusu tango na nyanya, chai ya rangi bila sukari: kama 170. Mchana, gramu 150 za samaki mweupe aliyechemshwa kwa ndimu, kitunguu na tangawizi, mchicha au matembele sahani nzima kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa bila nazi: kama 380. Usiku, gramu 100 za kuku bila ngozi, bamia na nyanya chungu kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na nusu glasi ya mtindi usiotiwa sukari: kama 300. Jumla 850, na protini ni zaidi ya gramu 80, ambazo zinakusaidia usipoteze nyama ya mwili.

Badilisha ndani ya mpango huo. Samaki wa Feri ukienda mapema ni wabichi na unachagua kipande chako; changu ni bora kuliko kibua kwa sababu kibua ana mafuta zaidi. Dagaa wakavu ni chakula kizuri sana, ila wana uzito wa kudanganya: gramu 40 zinatosha. Waloweke, waoshe mchanga na chumvi, uwachemshe na nyanya. Wale wa kukaanga waache. Kisamvu ni sawa bila nazi na bila karanga. Kunde na choroko zinaweza kuchukua nafasi ya maharage. Matunda yasubiri, au ule kipande kidogo cha papai mara moja moja. Juisi hapana, hata ya miwa inayokamuliwa mbele yako, na asali ni sukari kama sukari nyingine.

Kama unakula kwa mama lishe kazini, mwombe samaki au nyama ya mchuzi bila kuongezewa mchuzi juu, na mboga mara mbili badala ya wali. Atakutazama, lakini siku ya pili ameshazoea. Ukweli ni kwamba kubeba chakula chako kwenye kontena ni salama zaidi, maana hujui mafuta aliyomimina.

Maji: lita 2 na zaidi kila siku. Chai ya rangi na kahawa chungu ruksa. Pombe hapana, hata ile inayodaiwa haina sukari.

Hatua ya 5: Siku za mwanzo

Siku 3 hadi 5 za kwanza kichwa kinauma, mwili unalegea, hasira ziko karibu. Kikombe cha supu nyepesi yenye chumvi kidogo husaidia, kama daktari hajakukataza chumvi. Baada ya hapo njaa hupungua kuliko unavyotegemea. Choo kigumu ni malalamiko ya kawaida: ongeza maji na mboga, tembea. Mazoezi makali si ya wakati huu, kutembea kunatosha.

Unalopaswa kulijua kwa moyo ni sukari kushuka mno, yaani chini ya 4.0. Dalili ni jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Kunywa papo hapo maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, au karibu nusu ya soda ya chupa ndogo ya kawaida. Hapo ndipo soda inapokuwa dawa. Pima tena baada ya dakika 15, ukiona bado, rudia. Ukipanda daladala au mwendokasi uwe na sukari kwenye pochi, foleni ya Ubungo haina huruma. Ikitokea, hata mara moja, dozi yako ya dawa haijapangwa vizuri: piga simu kliniki siku hiyo. Aliyezimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Hatua ya 6: Pima, andika

Sukari kabla ya kula asubuhi na kabla ya mlo wa jioni, kila siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha kama daktari atakavyosema. Vijiti vya kupimia ni ghali. Ukibanwa, usiruke cha asubuhi. Presha kila siku kama unatumia dawa zake. Kizunguzungu ukisimama ni sababu ya kurudi kliniki. Uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, kabla ya kula. Mizani za barabarani zinatofautiana, ukipima moja Kariakoo na nyingine Mbagala utajidanganya au utajivunja moyo bure.

Lengo ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wako: mwenye kilo 84 atafute kupungua kilo 8 hadi 12. Acha dozi na uende hospitali ukitapika mfululizo, ukiumwa tumbo vikali, kifua kikibana, au sukari ikikaa juu ya 15. Ukishikwa na malaria au homa yoyote kali, sitisha, kula kawaida, mwone daktari.

Hatua ya 7: Kurudi kwenye chakula

Wiki ya mwisho ikiisha, wengi husherehekea, na Jumapili moja ya biriani hugeuka mwezi. Panga wiki 4 hadi 6 za kurudi. Wiki ya kwanza ongeza wanga kwenye mlo mmoja tu, mchana: ugali wa ukubwa wa ngumi yako, au vijiko 4 vya kupakulia vya wali usio na nazi. Pima sukari saa 2 baada ya kula. Baada ya wiki ongeza kipande cha kiazi kitamu au tunda asubuhi. Jioni iache ya mwisho, na kwa wengine jioni bila wanga inabaki kuwa desturi ya kudumu; mimi naona ndiyo njia rahisi kuliko zote, kwa sababu mchana una kazi na jioni una kochi.

Sahani mpya haitakuwa sahani ya zamani. Mwili uliopungua kilo 10 unatumia kalori chache zaidi kuliko ulivyotumia mwanzo, na ukirudisha kipimo kilekile cha unga, kilo zitarudi hata kama hukuonja soda. Chapati, maandazi, chipsi mayai viwe vya siku maalumu. Kijiko cha kupimia mafuta kibaki karibu na dumu.

Kisha weka mstari wa kuchukua hatua. Kwenye DiRECT, aliyeongezeka zaidi ya kilo 2 alirudishwa kwenye kinywaji badala ya mlo mmoja au miwili kwa wiki chache. Aliyepita kilo 4 alianza upya kwa mwezi mzima. Fanya vivyo hivyo: andika uzito wako wa kumalizia ukutani, kilo 2 juu yake ni kengele, na unarudia mpango wa Hatua ya 4 kwa milo miwili kwa siku hadi zishuke. Mwarifu daktari kila unaporudia, hasa kama ameshakurudishia dawa yoyote.

Kipimo cha miezi mitatu kikisoma chini ya asilimia 6.5 miezi 3 baada ya kuacha dawa, madaktari husema kisukari kimetulia. Kadi ya kliniki usiitupe: HbA1c irudiwe angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na macho, figo na miguu, kwa sababu madhara ya miaka ya nyuma hayafutiki na sukari inaweza kupanda tena kimyakimya bila dalili. Na kama baada ya kupungua sukari bado iko juu, kongosho limeshachoka zaidi. Utaendelea na dawa, mara nyingi kwa kipimo kidogo kuliko cha zamani, na presha nayo huwa imeshuka.